Mutisya wa Munge: Mchongaji wa Wamunyu aliyeifungulia Kenya njia ya vinyago

Na MWANDISHI WETU

UKIINGIA Eldoret, mji uliopandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Agosti 2024, mojawapo ya sauti zitakazokulaki ni mlio wa nyundo na patasi za maseremala walio kando ya barabara. Hapo hutengenezwa vitanda, meza na kabati, aghalabu kwa mbao laini za miti ya kupandwa.

Ukizuru boma la mzee wa Kikalenjin, huenda ukakaribishwa kuketi juu ya ng'echeret, kigoda kilichochongwa kutoka kwenye gogo moja, bila msumari wala gundi. Vigoda vya namna hiyo vilichongwa pia Ukambani tangu jadi, na hata katika jamii nyingine nyingi za Kenya.

Basi ilikuwaje ufundi huo ukabaki wa nyumbani katika sehemu nyingi, ilhali Ukambani uligeuka kuwa riziki ya maelfu ya watu na kulifikisha jina la Kenya katika nyumba za Ulaya na Marekani? Jibu linatupeleka Wamunyu, mji mdogo ulio katika barabara ya Machakos kwenda Kitui, na kwa mtu mmoja aliyekwisha kufa zamani, Mutisya wa Munge.

Kila kifaru, twiga au morani wa mti anayeuzwa leo Nairobi, Mombasa au Eldoret ana deni kwa mtu huyu. Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini aghalabu mnunuzi hamjui muundaji, seuze yule aliyemtangulia muundaji.

Nchi ya wasafiri na mafundi

Mutisya alizaliwa katika jamii iliyozoea safari na biashara. Katika karne ya 19, misafara ya Akamba ilisafirisha pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyeuawa mwaka 1851, ndiye aliyempokea mmishenari Ludwig Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849 na kuuona Mlima Kenya.

Jamii hiyo ilikuwa pia na mafundi hodari. Wahunzi wao walifua vyuma na kusokota mikufu myembamba ya shaba iliyosifika mbali. Wachongaji walitengeneza mizinga ya nyuki, pinde, miiko, bakora na vigoda vya wazee. Mutisya mwenyewe alikuwa na mkono wa kuchonga kabla ya kuiacha nchi yake. Kwa hivyo si sahihi kudhani kwamba alijifunza kushika tezo ugenini. Alichokipata huko ni kingine, kama tutakavyoona.

Enzi hizo zilikuwa ngumu. Ukame na njaa ya mwaka 1898 na 1899, ambayo Akamba huikumbuka kwa jina la Ngomanisye, iliua watu wengi na kusambaratisha familia. Punde si punde serikali ya kikoloni ikaanza kudai kodi ya nyumba, na kodi hiyo ilitakiwa kulipwa kwa fedha. Mtu aliyekuwa na mbuzi na mtama tu alilazimika kutafuta namna ya kupata rupia. Kigoda cha mzee hakikuuzwa kwa rupia, kwani kilikuwa alama ya heshima ambayo mtu alichongewa kwa matumizi yake.

Vita vilivyomfikisha Uzaramo

Agosti 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Kenya ilikuwa chini ya Waingereza na Tanganyika chini ya Wajerumani. Majirani walioishi kwa kufanya biashara wakajikuta katika majeshi yanayopigana. Akamba wengi walichukuliwa, wengine wakiwa askari wa King's African Rifles, na wengine wakiwa wapagazi wa kikosi kilichojulikana kama Carrier Corps. Jina hilo ndilo lililotuachia mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Ni katika mkondo huo wa mauti ambapo Mutisya, akiwa katika utumishi wa jeshi la Waingereza, alifika Tanganyika. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mnamo Septemba 1916, na wanaume kutoka pande zote za Afrika Mashariki wakajikuta katika viunga vyake.

Huko aliwakuta wachongaji. Masimulizi yaliyoenea sana nchini huwataja Wamakonde kuwa walimu wake. Hata hivyo, Walter Elkan, mwanauchumi aliyekuwa Makerere na ambaye alichapisha uchunguzi wake kuhusu biashara ya vinyago mwaka 1958, aliwataja Wazaramo, wenyeji wa eneo linaloizunguka Dar es Salaam.

Kauli hii ya pili ina mashiko. Makao ya Wamakonde yalikuwa mbali kusini, katika nyanda za juu za pande mbili za Mto Ruvuma, na wengi wao walihamia viunga vya Dar es Salaam miaka mingi baadaye. Wazaramo nao walikuwa na sanaa yao, ikiwemo mwana hiti, sanamu ndogo iliyohusishwa na unyago wa wasichana. Isitoshe, Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, na mahali penye wageni wenye fedha hapakosi mtu wa kuwachongea kitu cha kupeleka kwao.

Wawe Wazaramo au Wamakonde, jambo moja ni dhahiri. Mutisya aliona huko mambo mawili ambayo hayakuwapo Wamunyu. Kwanza, aliona mti mweusi ulio mgumu mno ukitumiwa kuchongea sanamu za watu. Pili, aliona kuwa kinyago chaweza kuchongwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana, atakayelipa na kwenda zake. Hilo la pili ndilo lililobadili maisha ya Ukambani.

Ugumu wa mpingo

Ili kuelewa uzito wa alichokileta Mutisya, yafaa kuujua mti wenyewe. Mpingo hustawi katika nchi kavu, Ukambani ikiwemo, ambako huitwa muvingo. Hukua polepole sana. Mti hupita miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa, na hata hapo shina lake huwa si nene. Ganda lake la ndani ni jeupe na kiini chake ni cheusi. Kiini hicho ni kizito hata kikitumbukizwa majini huzama. Viwanda vya ala za muziki huko Ulaya hukitumia kutengenezea klarineti kwa sababu hakitikisiki kwa unyevu.

Mti kama huu haukubali pupa. Wachongaji wa Ulaya, na wale wa milango ya Lamu na Unguja, hutegemea patasi, bobari na nyundo ya mti. Bobari ni patasi ambayo makali yake yamepinda mfano wa ukucha, na kazi yake ni kuchimba mifereji na mabonde. Hugongwa kwa nyundo ya mti kwa kuwa nyundo ya chuma hupasua mpini na kuuchosha mkono. Juu ya mti mgumu, mapigo huwa mafupi na mepesi, na kila pigo hutoa kibanzi kidogo tu. Makali hayanolewi yakawa membamba mno, kwani yatamomonyoka. Yakiwa butu nayo huteleza na kumjeruhi mwenyewe. Fundi hufuata nyuzi za mti zinakoteremka, maana akizikabili hupasua kipande asichokusudia.

Akamba walishika njia nyingine. Silaha yao kuu ilikuwa tezo, chombo chenye mpini mfupi na makali yaliyokaa kama ya jembe. Mchongaji huketi chini, akakishika kipande cha mti kwa mkono mmoja au kukibana kwa miguu juu ya kigogo, kisha hukata kwa mkono wa pili. Tezo kubwa hutoa umbo la jumla. Tezo ndogo hutoa shingo, mgongo na miguu. Kisu na patasi huja baadaye kwa ajili ya macho, masikio na vidole, halafu hufuata tupa na msasa.

Faida ya tezo ni kwamba inafanya peke yake kazi ambayo kwingineko hufanywa na nyundo na bobari kwa pamoja, kwa kuwa uzito wake ndio pigo na makali yake ndiyo patasi. Hasara yake ni kwamba haisamehe. Pigo likishaanguka halirudi, na mti wa miaka 70 huharibika kwa kosa la nukta moja. Mkono wa Mutisya, uliokwisha kuzoea tezo katika kuchonga vigoda na bakora, ndio uliomwezesha kuumudu mpingo aliporejea nyumbani.

Siri iliyovuka uzio

Vita vilipomalizika mwaka 1918, Mutisya alirudi Wamunyu. Wenzake wengi hawakurudi, na baadhi ya waliorudi walibeba maradhi. Yeye alirudi na ufundi. Akaanza kujaribu miti migumu ya kwao, akichonga sanamu ndogo za watu na kuwauzia Wazungu waliokuwa nchini, yaani maafisa wa serikali, wamishenari na walowezi.

Mwanzoni hakuwa na haja ya kuwaambia majirani. Kazi hiyo ilikuwa siri ya ukoo, akiwafunza jamaa zake wa karibu tu. Tusimlaumu upesi. Katika nchi yenye kodi na ukame, mtu aliyegundua kisima hakosi sababu ya kukifunika.

Lakini siri ya kazi ya mikono haifichiki muda mrefu. Vibanzi vya mti mweusi vilionekana, mlio wa tezo ulisikika na fedha za kodi zilipatikana bila mbuzi kuuzwa. Majirani wakatazama, wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Kutoka ukoo mmoja kazi ikaenea kijiji, na kutoka kijiji ikaenea Wamunyu nzima.

Mambo ya serikali nayo yaliwasukuma watu. Mwaka 1938, utawala wa kikoloni ulipowanyang'anya Akamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kulalamika. Waliokuwa wakihesabu mali yao kwa ng'ombe walitambua kwamba zizi linaweza kutwaliwa kwa siku moja. Ufundi ulio mkononi hautwaliki.

Kutoka Wamunyu hadi ng'ambo

Vita Vikuu vya Pili viliwaleta nchini wanajeshi wa mataifa mengi, na kila mmoja alitaka ukumbusho wa kupeleka kwao. Baada ya hapo wakaja watalii. Wachongaji wakaacha kushikilia sanamu za watu pekee, wakaongeza wanyama, miiko ya saladi, visu vya kufungulia barua na vinyago vya uso. Wachuuzi wa Kikamba walionekana Kampala, Dar es Salaam na mbali zaidi wakiwa na mizigo yao. Ile damu ya misafara ya enzi za Kivoi ilikuwa haijakauka.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, vyama vya ushirika vilishika nguvu, vikiwemo kile cha Wamunyu kwenyewe na kile cha Akamba kilichoko Changamwe, Mombasa. Vituo vingine vikaota Gikomba jijini Nairobi, Malindi na Nanyuki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikadiria kwamba wachongaji nchini walikuwa takriban 60,000, wenye wategemezi zaidi ya 300,000, na kwamba vinyago vilivyouzwa nje viliingiza dola milioni 20 hivi kila mwaka.

Hayo yote yalichipuka kutoka kwa mwanamume mmoja aliyerudi kutoka vitani.

Lawama mbili

Hata hivyo, urithi wa Mutisya haukukosa walioukosoa, na haki ya msomaji ni kuambiwa pande zote.

Lawama ya kwanza ilitoka kwa wasomi wa sanaa. Walisema vinyago vya Akamba ni bidhaa za kiwandani zilizovikwa joho la sanaa, kwamba twiga mmoja hana tofauti na twiga elfu waliomtangulia. Ni kweli kuwa kazi iligawanywa. Mmoja hukata magogo, wa pili hutoa umbo, wa tatu hujua kifaru tu, na wengine, mara nyingi wanawake na vijana, hupiga msasa na kung'arisha kwa nta au rangi ya viatu. Ni kweli pia kwamba wachuuzi wengine hupaka mti mweupe rangi nyeusi wakadai ni mpingo. Mnunuzi mwangalifu hukipima kwa mkono, kwa maana mpingo halisi haufichi uzito wake.

Lakini anayelaumu sharti aulize pia bei. Mchongaji anayelipwa pesa kidogo na dalali kwa kila kipande hawezi kuketi mwezi mzima akibuni jambo jipya, ilhali watoto wake wanangoja karo. Palipokosekana ubunifu, aghalabu palikosekana kwanza malipo ya haki.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya miti. Mpingo uliadimika katika sehemu nyingi za Ukambani. Wachongaji wakageukia muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri, hadi nao ukapungua mno katika misitu kama Arabuko-Sokoke na ile iliyo karibu na Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kuwa zaidi ya miti 50,000 ilikatwa kila mwaka kwa ajili ya vinyago. Mutisya alipoanza, mti mmoja ulimtosha kwa muda mrefu. Hakuna aliyedhani kwamba wanafunzi wa wanafunzi wake wangekuwa wengi kuliko miti.

Dawa ilianza kutafutwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Wachongaji walihimizwa kutumia miti inayokua haraka na iliyopandwa na watu, kama vile mwarobaini, mwembe, jakaranda na mgrevilea. Wengi walisita. Mwarobaini ulihitaji kukaushwa kwa uangalifu ili usipasuke, na wanunuzi walizoea rangi za miti ya kale. Lakini waliojaribu waligundua kuwa makali ni yale yale na mkono ni ule ule. Leo vinyago vya mwarobaini ni jambo la kawaida Pwani, wala mtalii haulizi ulikoenda muhugu.

Funzo kwa Eldoret

Kwa nini basi kisa cha mtu wa Wamunyu kisomwe Uasin Gishu?

Kwanza, Eldoret ni kitovu cha elimu ya miti nchini. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa karibu na mji huu mwaka 1984, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa idara ya misitu, waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Wamunyu kuna mkono unaojua kuchonga, na hapa kuna elimu inayojua kupanda. Vitu hivi viwili vimeishi mbali mbali kwa muda mrefu mno.

Pili, vijana wengi wa eneo hili huhitimu ufundi wa useremala kisha wakashindana kutengeneza kitanda kile kile kwa mnunuzi yule yule. Mutisya hakuvumbua mti wala hakuvumbua tezo. Alichukua ujuzi aliokulia nao, akauongezea alichokiona kwa jirani, akamtafuta mnunuzi ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria. Ng'echeret ina uzuri wake, na huenda ikawa na soko lake, mradi apatikane wa kuichonga vyema na wa kupanda mti mahali pa ule uliokatwa.

Tatu, kisa hiki chatukumbusha deni letu kwa majirani. Ufundi tunaouita wa Kenya na kuujivunia ulitokana na mafundi wa Tanganyika ambao majina yao hayakuandikwa popote. Walimwonyesha mgeni, tena mgeni aliyekuja na jeshi lililoiteka nchi yao, namna ya kuukabili mti mgumu. Hawakumficha.

Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zimesimama sanamu za shaba za ukumbusho wa askari na wapagazi wa vita vile. Mutisya wa Munge alikuwa mmoja wa kizazi hicho, naye alibahatika kurudi. Ukumbusho wake uko katika rafu za maduka na mikononi mwa maelfu ya watu ambao, asubuhi hii pia, wameketi chini ya mti wakiwa na tezo, wakikata kibanzi baada ya kibanzi. Kama watoto wao watapata mti wa kuchonga, hilo litategemea sisi tunaopanda leo.